Kampuni ya uchorongaji inaweza kupona na mwenye hisa asipone

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha barua ya msomaji wenu, Mtanzania ambaye ni fundi wa mitambo migodini huko Australia Magharibi, aliyetaka kujua kama ni busara kutumia akiba yake kununua hisa za kampuni moja inayotoa huduma za uchorongaji (kutoboa mwamba kwa mitambo) na uchimbaji. Kwa maelezo yake, hisa ya kampuni hiyo imeshuka kutoka zaidi ya dola moja ya Australia hadi senti nane. Hakuitaja kwa jina, nami sitajaribu kuibashiri. Alieleza kwamba bei ya dhahabu iko juu kuliko wakati wowote tunaoukumbuka, kwamba mitambo ya kampuni ina thamani kubwa kuliko bei ya hisa zake zote kwa pamoja, na kwamba kampuni ni kongwe, ina kazi katika mabara kadhaa, hivyo haiwezi kufa. Wasomaji waliomjibu waligawanyika kati ya wanaomtia moyo na wanaomkemea kama mcheza kamari. Mimi nimekuwa mhasibu katika makampuni ya uchorongaji hapa Kanda ya Ziwa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na naomba nafasi nizijibu hoja zake moja kwa moja, hasa hiyo ya tatu, kwa sababu inakaribia sana kuwa kweli, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kumpoteza.

Nianze na dhahabu. Ni kweli kwamba mwezi Oktoba 2025 bei ya wakia moja, kipimo kinachotumika kuuzia dhahabu, ilivuka dola 4,000 za Marekani. Lakini mwenye mgodi ndiye anayeuza dhahabu. Mchorongaji anauza mita. Mkataba wake humlipa kwa kila mita aliyochoronga, au kwa kila tani ya mawe aliyoihamisha, pamoja na malipo madogo ya saa ambazo mtambo umesimama kwa sababu zisizo zake. Wakia ikipanda maradufu, bei ya mita haibadiliki mpaka mkataba uishe, na ukiisha, wachorongaji wengine watano wapo mlangoni na zabuni zao. Bei ya dhahabu ikiwa nzuri, mchorongaji hupata kazi nyingi zaidi, na kwa kuchelewa, kwa sababu kampuni ndogo za utafutaji lazima kwanza zichangishe fedha sokoni kabla hazijaita mtambo wowote. Ikiporomoka, kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti ya mgodi ni utafutaji, tena hukatwa mwezi huohuo. Wenye kumbukumbu ya mwaka 2013, dhahabu iliposhuka kwa zaidi ya robo ya bei yake, watakumbuka jinsi mitambo ilivyorudishwa Mwanza na kupangwa uwanjani kwa safu. Duniani kote, bajeti za utafutaji wa madini zilizokuwa zaidi ya dola bilioni 20 za Marekani mwaka 2012 zilikuwa zimebaki karibu dola bilioni 7 kufikia mwaka 2016. Mchorongaji, basi, hupata sehemu ndogo ya neema na sehemu kubwa ya shida.

Sasa nije kwenye ukongwe wa kampuni, na hapa nitaomba subira ya wasomaji, kwa sababu upo mfano ambao kila anayefikiria kununua hisa za aina hii angepaswa kuujua kwa undani. Boart Longyear ni miongoni mwa majina makubwa kabisa katika uchorongaji duniani. Upande mmoja wa historia yake unaanzia mwaka 1890, pale mtu aitwaye Longyear alipochoronga kwa kichwa cha almasi katika eneo la chuma la Mesabi, Minnesota. Upande mwingine ulizaliwa Afrika Kusini chini ya kampuni kubwa ya madini ya Anglo American. Kampuni iliingia katika soko la hisa la Australia mwezi Aprili 2007 kwa bei ya dola 1.85 za Australia kwa hisa, wakati madini yote yalikuwa yakipanda na kila mtu akizungumzia mahitaji ya China. Miaka miwili baadaye, kufuatia msukosuko wa fedha duniani, ililazimika kuuza hisa mpya nyingi mno kwa bei ya kutupa ili ilipe madeni, na waliokuwa wamenunua mwanzo wakajikuta wanamiliki kipande chembamba cha kampuni ileile.

Kisha neema ikarudi. Mwaka 2012 mapato yake yalikuwa takriban dola bilioni 2 za Marekani. Mwaka 2014 yalikuwa chini ya dola milioni 900, na mwaka 2016 yalikuwa karibu dola milioni 640. Riba ya mikopo haikushuka pamoja na mapato. Kampuni ilikuwa imeuza hati fungani (yaani imekopa kutoka kwa wawekezaji kwa ahadi ya riba) za dola milioni 300 mwaka 2011 kwa riba ya asilimia 7, kisha mwaka 2013, wakati mambo yameshaharibika na imani ya wakopeshaji imepungua, ikauza nyingine za dola milioni 300 kwa riba ya asilimia 10, zenye kushika mali kama dhamana, zikitakiwa kulipwa mwaka 2018. Mfuko wa uwekezaji wa Marekani uitwao Centerbridge ukaingia na mkopo na kununua hisa. Mwaka 2017 mahakama ya New South Wales iliidhinisha mpango wa kugeuza sehemu ya madeni kuwa hisa. Haikutosha. Mwaka 2021 ulifanyika mpango mwingine kama huo, safari hii kwa deni la takriban dola milioni 800, na wanahisa wa kawaida wakabaki na asilimia chache mno za kampuni. Mwaka 2024 kampuni yote ilinunuliwa na mfuko mwingine wa Marekani, American Industrial Partners, kwa takriban dola milioni 370 na kuondolewa sokoni.

Ningependa msomaji wenu aitazame habari hiyo kwa makini. Boart Longyear haikufa. Leo hii mitambo yake inachoronga, wafanyakazi wake wanalipwa, na jina lake lina heshima ileile. Kila aliyesema mwaka 2013 kwamba kampuni ile ni kubwa mno kufa alisema kweli, na kama alinunua hisa kwa kuutegemea ukweli huo, alipoteza karibu fedha zake zote. Kilichookolewa ni kampuni, na waliogharimia uokoaji huo walidai umiliki kama malipo, jambo ambalo kisheria ni haki yao. Ni kama ilivyo katika mirathi: madeni ya marehemu hulipwa kwanza, na warithi hugawana kilichobaki, hata kama kilichobaki ni kitanda na birika. Mwenye hisa ndiye mrithi, ila tofauti na mrithi wa kawaida, yeye amelipia nafasi yake.

Kwa hiyo namsihi ndugu yetu aanze na ukurasa wa taarifa za fedha unaoeleza mikopo, kabla ya ule wa faida na hasara. Aangalie mambo ambayo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo: deni lipi linaiva mwaka gani, lina dhamana ya mali zipi, na ni masharti gani ambayo kampuni ikiyavunja benki inaweza kudai fedha zake kabla ya wakati. Ikiwa deni kubwa linaiva ndani ya miezi kumi na minane na kampuni haijatangaza namna ya kulilipa, basi hiyo bei ya senti nane haina urahisi wowote ndani yake; soko linakadiria tu uwezekano kwamba mazungumzo na wadai yatawaachia wanahisa chochote. Wanaofanya makadirio hayo ni watu wanaoujua mkataba wa mkopo neno kwa neno, na baadhi yao ndio hao hao wadai.

Haki isemwe pia kwa upande wa pili, kwa maana ningekuwa naficha nusu ya habari kama ningeishia hapo. Katika anguko lile lile, yapo makampuni ambayo wanahisa wake walivumilia na kulipwa vizuri sana kwa uvumilivu wao. NRW, kampuni ya ujenzi na uchimbaji ya Perth, ilikuwa ikiuzwa chini ya senti 10 za Australia mwanzoni mwa mwaka 2016. Mwaka 2019 hisa hiyohiyo ilivuka dola mbili. Ausdrill, ambayo wenzetu wa Geita wanaifahamu kwa sababu iliimiliki pamoja na Barminco ile kampuni ya AUMS iliyoanza kazi ya uchimbaji wa chini ya ardhi katika mgodi wa Geita mwaka 2016, ilishuka kutoka zaidi ya dola nne mwaka 2012 hadi chini ya senti 30, kisha ikapanda tena kupita dola mbili. Baadaye iliinunua Barminco yote, mwaka 2018, na leo inaitwa Perenti.

Mtu akiuliza nini kiliitenganisha Ausdrill na Boart Longyear, wengi watajibu kwamba ni uongozi bora, jibu ambalo huwa nalisikia baada ya matokeo kujulikana na si kabla. Mimi ninaona mambo ya kawaida zaidi. Ausdrill nayo ilikuwa na hati fungani za dola milioni 300 za Marekani, kiasi kilekile, lakini ilizikopa mwaka 2012 wakati soko lilikuwa bado linawapenda watu wa migodi, kwa riba ya chini ya asilimia 7, na zilikuwa zinaiva mwaka 2019. Ilikuwa na muda. Tena sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ndani ya migodi inayozalisha, ambako mwamba lazima uchorongwe na kulipuliwa kila siku hata dhahabu ikiwa na bei mbaya, wakati Boart Longyear iliegemea zaidi utafutaji. Na ilikuwa na kitu cha kuuza bila kukata mguu wake: mwaka 2016 iliuza tawi lake la kutengeneza vifaa vya kuchorongea kwa kampuni ya Robit ya Ufini. Muda, kazi ya uzalishaji, na mali inayouzika. Ndugu yetu akivikuta vitatu hivyo katika kampuni aliyoieleza, nitakuwa mtu wa mwisho kumkataza, ingawa nahisi kwamba angevikuta angeviandika katika barua yake badala ya kuandika habari za bei ya dhahabu.

Wala nisieleweke kwamba deni peke yake ndilo linaloua. Forge Group, nayo ya Perth, ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola sita mapema mwaka 2013 na ikisifiwa kwa ukuaji wake. Mwezi Novemba mwaka huo ilitangaza hasara ya dola milioni 127 za Australia kutokana na mikataba miwili ya kujenga vituo vya umeme, mikataba iliyokuwa imechukuliwa kwa bei isiyolingana na gharama. Februari 2014 ilikuwa mikononi mwa wafilisi, na wanahisa hawakupata kitu. Makosa ya namna hiyo hayaonekani kwa mtu wa nje. Yamo ndani ya zabuni iliyopigiwa hesabu na mtu mmoja usiku akiwa na haraka ya kushinda kazi. Alama pekee ambayo msomaji wa kawaida anaweza kuiona ni kampuni inayoongeza mapato kwa kasi huku fedha taslimu zikipungua.

Hoja ya mitambo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, kwa sababu hapo nazungumza juu ya kitu ambacho nimekihesabu kwa mkono. Thamani ya mtambo kwenye vitabu ni bei uliyonunuliwa ukiondoa uchakavu uliokadiriwa na mhasibu, na mhasibu (namsema mtu wa aina yangu) hukadiria akiwa ofisini. Mtambo wa kuchoronga ukikaa uwanjani mwaka mzima bila kazi, mipira ya mafuta hupasuka kwa jua, betri hufa, na mafundi huanza kunyofoa vipuri vyake kuhudumia mitambo inayofanya kazi, kwanza kwa kuandika kwenye daftari la stoo, kisha bila kuandika. Ukija kuuhesabu tena, mtambo uliomo kwenye orodha kwa thamani kubwa ni fremu na mnara. Zaidi ya hapo, siku kampuni yako inapolazimika kuuza mitambo ndiyo siku ambayo makampuni mengine yote nayo yanauza, na wanunuzi ni wachache wanaojua kwamba una shida. Ongeza gharama ya kuitoa porini, ushuru ambao huenda ulisamehewa kwa sharti la kuutumia mtambo mgodini tu, na uwezekano kwamba nusu yake imekodishwa au imewekwa rehani. Thamani ya mitambo iliyozidi bei ya hisa ni hoja nzuri kwa mkopeshaji mwenye hati ya mtambo mkononi, na mwenye hisa hana hati hiyo.

Kutokana na hilo, ningemwomba pia asivutwe na ile faida inayotangazwa kabla ya riba, kodi na uchakavu, ambayo makampuni haya huipenda kuiweka ukurasa wa mbele. Katika biashara nyingine huenda ina maana. Katika uchorongaji, uchakavu ni gharama halisi kuliko nyingi, imecheleweshwa tu. Injini itafunguliwa na kujengwa upya baada ya saa zake, pampu itabadilishwa, na asiyezibadilisha mwaka huu ili taarifa ipendeze atazibadilisha mwakani, tena kwa kusimamisha kazi. Aangalie badala yake fedha taslimu zilizoingia kutokana na kazi, aondoe zilizotumika kununua na kukarabati mitambo, aondoe riba. Kikibaki kitu, kampuni inaishi kwa jasho lake.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa huku tunalijua kuliko wanaosoma taarifa mbali. Kampuni ya huduma inaweza kuwa na wateja wachache mno, na kinachompata mteja huipata yenyewe bila kuulizwa. Machi 2017 serikali yetu ilipozuia kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye madini ambayo hayajasafishwa, mgogoro ulikuwa kati ya serikali na Acacia, kampuni iliyokuwa ikimiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, lakini Bulyanhulu ilipopunguza shughuli zake mwezi Septemba mwaka ule, wakandarasi waliotegemea mgodi ule walifungasha pamoja nayo, na kazi za chini ya ardhi hazikurudi mpaka mwishoni mwa mwaka 2020. Sizungumzii hapa nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba mkandarasi hakuwa na kiti katika mazungumzo. Buzwagi nayo ilifikia mwisho wa uhai wake mwaka 2021 kama ilivyopangwa, na hata mwisho uliopangwa hukuta makampuni ambayo hayakujipanga. Na Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini ziliitaka kampuni ya kigeni inayotaka kuuza huduma migodini hapa nchini kuunda ubia na kampuni ya Kitanzania na kuipa angalau asilimia 20 ya umiliki, sharti ambalo mimi naliunga mkono, ila mnunuzi wa hisa akumbuke kulitoa katika hesabu zake: mapato yote yanayotajwa katika taarifa hayamhusu yeye yote.

Kabla sijafika mwisho, niseme na hili, ingawa linaniuma kwa sababu zangu. Kampuni inapoishiwa fedha, wa kwanza kujua si soko la hisa. Ni muuza chakula cha kambini, mwenye malori ya maji, fundi wa matairi wa Kahama, ambao ankara zao zilizokuwa zikilipwa baada ya siku 30 sasa zinalipwa baada ya 60, kisha 90, kisha wanaambiwa kwamba mhasibu amesafiri. Nimewahi kuwa mhasibu huyo aliyesemwa amesafiri, nikiwa ndani nimejifungia. Katika taarifa za fedha jambo hilo huonekana kama ongezeko la madeni kwa watoa huduma, na mara nyingi viongozi hulieleza kama usimamizi mzuri wa fedha. Ndugu yetu kwa kuwa yumo katika kazi hiyo, awaulize wauzaji wa vipuri. Watamwambia zaidi ya taarifa yoyote.

Nikiulizwa uamuzi wangu, nisingenunua sasa. Ningesubiri mpaka kampuni itangaze kwamba deni lake limepangwa upya, nisome ni hisa ngapi mpya zimetolewa na kwa nani, halafu nihesabu senti nane hizo ni za kampuni ipi. Kusubiri kuna gharama yake: huenda hisa ikapanda hadi senti kumi na tano siku ya tangazo, na atakayekuwa amenunua leo atanicheka kwa haki. Mimi niko tayari kulipa tofauti hiyo. Lakini ikiwa ameshaamua kununua, basi atenge kiasi ambacho hata kikipotea chote hakitagusa ada za shule wala nyumba anayoijenga, na aweke akiba nyingine ya kutosha kuitikia iwapo kampuni itawaomba wanahisa waliopo wanunue hisa mpya kwa bei ya punguzo, maana asiyekuwa na fedha siku hiyo hupunguziwa sehemu yake ya umiliki na wenzake.

Na yeye ana sababu moja zaidi ya kujizuia ambayo msomaji mwingine hana. Mshahara wake tayari unatoka migodini. Bajeti za utafutaji zikikatwa kama zilivyokatwa mwaka 2013, barua ya kupunguzwa kazi na anguko la hisa vitamfikia wiki moja, na nyumbani kuna watu wanaotegemea kile anachotuma. Kwa Mtanzania aliyeko Australia mwenye akiba ya kuwekeza, zipo hati fungani za serikali na hisa za benki katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ambazo hazijali kama kuna mtu anachoronga kwenye migodi ya huko Kalgoorlie au la. Hazitampa mara ishirini ya fedha zake, kama NRW ilivyowapa wachache.

Wenu,
Mhasibu mstaafu,
Mwanza